Majivu Chini ya Barabara: Buterere Ikubali Nini, Ikatae Nini

Buterere iko kaskazini mwa Bujumbura, pale mji unapoteremka kukutana na uwanda wa Imbo na Ziwa Tanganyika. Uwanja wa ndege uko jirani, mashamba ya mpunga yako jirani, na mto Kinyankonge hupita ukibeba kilichomwagwa na mitaa ya juu. Hapa ndipo mji ulipojenga kituo chake cha kusafisha maji taka, na hapa ndipo malori yanapoleta taka za masoko na za nyumba. Ni mahali palipozoea kupokea mabaki ya wengine. Ndiyo maana wazo la kujenga barabara kwa majivu ya viwanda vya umeme, ambalo kwingineko duniani limekuwa jambo la kawaida, linapaswa kujadiliwa hapa kwa makini zaidi kuliko linavyojadiliwa penye milima na mwamba. Udongo wa Buterere unayahitaji majivu hayo kwa namna fulani, na maji ya Buterere yanayaogopa kwa namna nyingine, na pande zote mbili zina haki ya kusikilizwa.

Tuanze na majivu yenyewe, maana wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria jiko la mkaa. Kwenye kiwanda cha umeme makaa ya mawe husagwa hadi yawe laini kama unga, kisha hupulizwa ndani ya tanuri lenye joto linalozidi nyuzi 1,300. Kile kisichoungua, yaani mchanga na udongo uliokuwa umefungamana na makaa tangu yalipokuwa ardhini, huyeyuka katika joto hilo na kupoa ghafla kikiwa bado hewani. Matokeo yake ni vitufe vidogo mno vya kioo, vingi vikiwa vyembamba kuliko unywele, vinavyopanda na moshi hadi vinaswe na sahani za umeme au mifuko ya vitambaa kabla ya kutoka bombani. Haya ndiyo majivu mepesi, na ndiyo yanayothaminiwa na wajenzi. Mengine, mazito na ya chengachenga, huangukia chini ya tanuri. Wingi wake hutegemea makaa: yaliyo safi huacha majivu kiasi cha kumi kwa mia ya uzito wake, na ya India huweza kuacha thelathini kwa mia na kuzidi. India peke yake huzalisha tani zaidi ya milioni 200 kwa mwaka. Shirika la umeme la Afrika Kusini, Eskom, huzalisha zaidi ya milioni 30, na sehemu kubwa hubaki kwenye marundo karibu na vituo vyake.

Siri ya vitufe hivyo iko katika silika na alumina zilizomo. Vikikaa peke yake na maji havifanyi lolote la maana. Vikichanganywa na chokaa na maji huanza polepole kugeuka gundi ya mawe, ya ukoo mmoja na ile inayofanya saruji igande. Warumi waliijua kazi hii karne ishirini zilizopita, wakitumia majivu ya volkano ya Pozzuoli karibu na Napoli, na ndiko lilikotoka jina la pozolana ambalo mafundi wa saruji hulitumia hadi leo. Marekani iliweka majivu ya makaa ya mawe katika zege la bwawa la Hungry Horse, lililokamilika mwaka 1953, na tangu miaka hiyo ya 1950 barabara na viwanja vya eneo la Chicago vimekuwa vikijengwa juu ya tabaka la kokoto, chokaa na majivu yaliyoshindiliwa pamoja. Tabaka kama hilo huendelea kuwa gumu kwa miezi na hata miaka baada ya rola kuondoka.

Kwa mtu wa Imbo, faida kubwa zaidi ya mchanganyiko huo haiko kwenye zege, iko kwenye udongo. Sehemu nyingi za uwanda huu zina udongo mfinyanzi mweusi ambao wakati wa mvua huvimba na kuwa utelezi, na wakati wa kiangazi husinyaa na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Barabara iliyojengwa juu yake huinuliwa na kushushwa kila mwaka, mpaka kingo zinameguka na katikati panatokea mashimo. Dawa ya kawaida ni kuuchimba udongo huo na kuutupa, kisha kuleta changarawe kutoka vilimani kwa malori. Na barabara ya changarawe hupoteza sentimita moja hadi tatu za tabaka lake kila mwaka kwa mvua, upepo na magurudumu. Njia ya pili ni kuutibu udongo palepale ulipo. Greda huufukua, chokaa hunyunyizwa na kuchanganywa, na ndani ya siku chache udongo unapoteza unato na kuwa chengachenga. Kisha majivu huongezwa, maji hupimwa, na rola hushindilia kabla mchanganyiko haujaanza kuganda. Kinachobaki ni tabaka lisilovimba, lenye uwezo wa kubeba lori la mchanga katikati ya masika bila kuzama.

Hadi hapa majivu yanaonekana kuwa zawadi tupu. Lakini yana kazi mbili barabarani, na kuzichanganya ndiko kunakoleta hasara. Kazi ya kwanza ni kufunga: kiasi kidogo cha majivu, kilichopimwa, kinachanganywa na chokaa au saruji ili kigande na kuwa sehemu ya jiwe. Kazi ya pili ni kujaza: majivu matupu yanamwagwa kwa wingi ili kuinua tuta au kufukia bonde, kama vile ambavyo kifusi kingemwagwa. Hoja yangu ni kwamba Buterere, na kila mtaa ulio bondeni kando ya ziwa, ina sababu ya kuipokea kazi ya kwanza kwa moyo mmoja na kuikataa ya pili bila kujadiliana bei.

Hesabu zinaonyesha kwa nini mpaka huu ni muhimu. Chukua kilomita moja ya barabara ya mtaa, upana wa mita 6, tabaka la kutibiwa la sentimita 15. Hizo ni mita za ujazo 900, au takriban tani 1,500 za udongo ulioshindiliwa. Ukitia majivu kumi kwa mia, unahitaji tani 150, sawa na malori matano ya tani 30. Sasa chukua kilomita hiyohiyo, useme tuinue tuta kwa mita moja ili mafuriko yasiifikie, upana wa wastani mita 8, na tuta lote liwe la majivu. Unahitaji mita za ujazo 8,000, karibu tani 10,000, zaidi ya malori 300. Mwenye kiwanda anayetafuta pa kupeleka majivu yake atapenda mpango upi? Hahitaji kuwa mtu mbaya ili apendelee wa pili. Hesabu yake inamwelekeza huko. Mkazi wa mtaa naye hesabu yake inamwelekeza kwenye wa kwanza, na mara nyingi mezani anakuwapo mmoja tu kati yao.

Tofauti ya hizo kazi mbili inatokana na maji. Majivu ya makaa ya mawe yana kiasi kidogo cha aseniki, boroni, seleniamu, kromiamu, molibdenamu na madini mengine yaliyokuwa ndani ya makaa. Kiasi hicho kwa kilo moja hakitishi. Lakini maji yakipenya katika lundo legevu huchota madini hayo kama yanavyochota rangi katika majani ya chai, na lundo la tani 10,000 halimalizi rangi yake kwa msimu mmoja. Majivu yaliyofungwa ndani ya tabaka gumu hayafanani na hayo: maji hayapati njia ya kupita katikati, na machache yanayogusa uso hutoka na madini machache. Si kwamba hakuna kinachotoka kabisa. Kinachotoka ni kidogo kiasi kwamba kinaweza kupimwa na kuwekewa kikomo.

Mfano wa kuuma zaidi uko Marekani, katika mji mdogo wa Town of Pines, jimbo la Indiana, karibu na Ziwa Michigan. Kwa miaka mingi majivu ya kiwanda cha umeme cha jirani yalitumika humo kujazia barabara na viwanja, juu ya ardhi ya mchanga yenye maji karibu na uso. Mwaka 2000 visima vya baadhi ya wakazi vilikutwa na boroni na molibdenamu kupita kiasi. Nyumba nyingi ilibidi ziunganishwe na maji ya bomba kutoka mji mwingine, na serikali ya nchi ikaingia kusimamia uchunguzi na usafishaji. Yale majivu hayakuwa yametupwa gizani. Yalikuwa yametumika, kwa maana ileile ambayo neno hilo linatumiwa kwenye vipeperushi vya wauzaji. Miaka minane baadaye, tarehe 22 Desemba 2008, ukingo wa bwawa la majivu huko Kingston, Tennessee, ulipasuka na kumwaga zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za tope mtoni na mashambani. Kanuni ambazo Marekani ilizitoa mwaka 2015 baada ya balaa hilo zinatenganisha matumizi ambayo majivu yamefungwa ndani ya kitu kigumu na yale ambayo yako huru ardhini. Ni mstari uleule ninaouchora hapa, ingawa kanuni hizo zililegea kwenye barabara, jambo ambalo kwa maoni yangu mtaa wenye maji karibu na uso wa ardhi haupaswi kuliiga.

Mtu anayezifahamu kazi za India atanipinga hapa, na atakuwa na hoja. Delhi, mwishoni mwa miaka ya 1990, ilijenga barabara ya kuingilia daraja la pili la Nizamuddin kwa majivu matupu, takriban mita za ujazo 150,000, tena ndani ya bonde la mafuriko la mto Yamuna. Tuta limesimama, magari yanapita, na wahandisi wanalitaja kama kielelezo. Je, si ushahidi kwamba kujaza nako kunawezekana? Kunawezekana, kwa masharti. Tuta la Delhi lilivikwa udongo pande zote, likajengewa mawe kwenye miteremko, likasimamiwa na taasisi ya taifa ya utafiti wa barabara, na lilijengwa kwa umakini ule unaotolewa kwa daraja la mji mkuu. Barabara ya mtaa wa pembezoni haipati msimamizi wa namna hiyo. Isitoshe, tuta linaweza kusimama miaka hamsini kama mhandisi alivyoahidi huku maji yaliyo chini yake yakibadilika kidogo kidogo, kwa sababu uimara wa tuta na usafi wa maji ni vipimo viwili tofauti. Ushahidi wa kimoja hauwezi kukopeshwa kwa kingine.

Sasa tuitazame Buterere kwa kipimo cha maji. Ziwa liko karibu, na kina chake kimekuwa kikipanda katika miaka ya karibuni; mwaka 2020 mto Rusizi ulivunja kingo na kuwaondoa maelfu ya watu Gatumba, magharibi mwa hapa. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua iliyonyesha kwenye vilima ilishuka juu ya mitaa ya kaskazini ya mji na kuua watu zaidi ya 60. Katika ardhi kama hii tuta la majivu litalowa kutoka chini hata kama juu limefunikwa vizuri. Maji yakishachukua kilichomo yataelekea Kinyankonge, mashamba ya mpunga na mboga, na mwisho Tanganyika, ambako shirika la maji la REGIDESO huchota maji ya kunywa ya Bujumbura. Ziwa hilo lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na maji yake hukaa humo kwa mamia ya miaka. Nchi nne zilizolizunguka zilitia saini mkataba wa kulilinda jijini Dar es Salaam mwaka 2003, na mamlaka inayousimamia ina makao yake hapahapa Bujumbura. Kinachoingia ziwani kutoka Buterere ni jambo la Kigoma na Uvira pia.

Msomaji ataniuliza: majivu hayo yako wapi? Burundi haina kiwanda hata kimoja cha umeme wa makaa ya mawe. Umeme wake hutoka hasa majini, Rwegura, Ruzizi na sasa Rusumo, pamoja na jua la Mubuga. Tanzania ina makaa ya Kiwira na Ngaka, lakini sehemu ya yale ya Ngaka huenda kwenye viwanda, hasa vya saruji, ambako hakuna lundo la majivu linalobaki: ndani ya tanuri la saruji majivu ya makaa huyeyukia kwenye saruji yenyewe. Kwa hiyo mtu wa Mbeya au Mtwara anayekanyaga zege huenda anakanyaga majivu ya makaa tayari, yakiwa yamefungwa kabisa, bila mtu kulijadili. Kenya ilitaka kujenga kiwanda cha megawati 1,050 Lamu. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta kibali chake, baada ya kuona kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo na tathmini ya mazingira ilikuwa na mapungufu. Shimo la majivu kando ya bahari lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowatia wavuvi hofu. Wala majivu hayasafiri mbali kwa faida. Ni mazito na ni ya bei ndogo, ndiyo maana India ilipoanza mwaka 1999 kuwalazimisha wajenzi kuyatumia iliwalenga walio karibu na vituo, na baadaye tu ikaupanua umbali hadi kilomita 300. Hakuna mkandarasi mwenye akili timamu atakayeyaleta Bujumbura kutoka Afrika Kusini.

Hata hivyo majivu ya namna hii yanakaribia kwa mlango mwingine. Rwanda imejenga viwanda vya umeme vinavyochoma mboji ya vinamasi, kimoja Gishoma wilayani Rusizi cha megawati 15, na kingine Gisagara cha takriban megawati 80, kwenye bonde la Akanyaru linalogawana mpaka na Burundi. Burundi nayo huchimba mboji kupitia ONATOUR, shirika lililoundwa mwaka 1977, na wazo la kuigeuza umeme limekuwa likirudi mara kwa mara. Mboji huacha majivu, tena kwa tofauti kubwa kutoka kinamasi hadi kinamasi kulingana na udongo uliosombwa humo na mvua. Siku kituo cha aina hiyo kitakapowashwa upande huu, swali la mahali pa kupeleka majivu litaulizwa ndani ya wiki ya kwanza, na jibu jepesi litakuwa bonde la karibu au mtaa usio na sauti. Ni afadhali sheria iandikwe kabla ya lundo kuwapo.

Majivu ambayo Buterere inaweza kuyapata leo bila kusubiri mtambo wowote yako shambani. Tani moja ya mpunga ikikobolewa huacha takriban kilo 200 za maganda, na maganda hayo yakichomwa huacha kiasi cha kilo 40 za majivu ambayo zaidi ya asilimia 80 ni silika. Uwanda wa Imbo ni nchi ya mpunga. Gihanga, makao ya kampuni ya SRDI inayohudumia wakulima wa mpunga, iko mwendo mfupi kwa barabara. Kwa ile kilomita yetu inayohitaji tani 150 za majivu, utahitaji maganda ya tani 3,750 za mpunga. Si kidogo, wala si ndoto. Lakini hapa pana kitu ambacho mashine ya kukoboa haikifanyi: namna ya kuchoma. Maganda yakichomwa kwa joto lisilozidi nyuzi 700 hivi, silika inabaki katika hali inayokubali kuungana na chokaa, na majivu hutoka ya kijivujivu. Yakichomwa kwa moto mkali wa tanuri la matofali, sehemu ya silika hiyo hujipanga upya kuwa kama mchanga wa kawaida, na chokaa haiigusi. Yakichomwa vibaya, yakabaki meusi tii, yana kaboni nyingi inayofyonza maji ya mchanganyiko na kulegeza tabaka. Fundi aliyezoea huanza kwa kuangalia rangi, ila rangi peke yake haitoshi kwa barabara, lazima yapimwe.

Niseme pia kuhusu majivu yasiyotakiwa kabisa, kwa sababu kosa hili ni rahisi kutokea. Jalala la Buterere nalo hutoa majivu, kila taka zinapowaka. Majivu hayo hayana uhusiano na tunayoyazungumza. Ndani yake mna betri, rangi, plastiki na vyuma, kwa hiyo mna risasi na sumu nyingine, na silika yake haina uhakika wowote. Kuyafukia barabarani kwa kisingizio cha kutumia tena mabaki ni kuhamisha jalala hadi mlangoni pa watu. Majivu ya jikoni, ya kuni na mkaa, hayana sumu hiyo, ila yana silika ndogo mno kwa kazi ya pozolana. Yana manufaa zaidi bustanini.

Kuna pingamizi tatu ambazo wahandisi na wakazi huzitoa, na kila moja ina uzito wake. Ya kwanza ni gharama ya chokaa. Kwa kilomita moja utahitaji kama tani 60, ukiweka nne kwa mia, na chokaa haigawiwi bure. Kweli, siku ya kujenga barabara ya changarawe huonekana nafuu. Unafuu huo hupungua kila masika changarawe inapoishia mtaroni, na mwaka wa tano au wa sita lori linaanza upya kupanda mlimani. Pingamizi ya pili ni kwamba barabara zetu hazitunzwi: mabomba yatachimbuliwa, tabaka litavunjwa, na majivu yaliyofungwa yatafunguka kuwa vumbi. Hili nalikubali kwa sehemu. Tabaka lililotibiwa halipaswi kuachwa wazi. Lifunikwe kwa lami nyepesi au kwa mawe ya kupangwa, ambayo mitaa ya Bujumbura inayafahamu vizuri tangu miradi ya kupanga mawe kwa kazi ya mikono. Hata likivunjwa, kinachotoka ni mabonge yenye sehemu moja ya majivu kwa tisa za udongo, na mabonge hayo hayalingani na tuta la majivu matupu. Ya tatu ni afya ya wafanyakazi. Chokaa huchoma macho na ngozi, vumbi la majivu huingia mapafuni, na katika kazi za vibarua barakoa na glavu ndivyo vitu vya kwanza kukatwa kwenye bajeti. Hapa sina utetezi zaidi ya kusema kwamba mkataba usiotaja vifaa hivyo kwa idadi na kwa bei usitiwe saini, na kwamba mifuko ya majivu ifunguliwe ikiwa imeloweshwa, upepo wa ziwani ukiwa umetulia asubuhi.

Watu huuliza pia kuhusu mionzi, maana habari hiyo huzunguka sana. Makaa ya mawe yana urani na thoriamu kidogo, nazo hubaki kwenye majivu. Kwa kawaida kiwango chake hakiko mbali na cha miamba na udongo mwingi wa kawaida. Si jambo la kupuuza katika vipimo, ila si hilo linalopaswa kumnyima mkazi wa Buterere usingizi. Aseniki na boroni zinazosafiri na maji ndizo za kuuliza kwanza.

Ipo njia moja rahisi ambayo mkazi au diwani asiye na maabara anaweza kuitumia kupima pendekezo lolote la majivu: aangalie fedha inaelekea wapi. Majivu yanayofaa kufunga yana soko. Uingereza ilifunga kiwanda chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, tarehe 30 Septemba 2024, na nchi zilizozoea kuyatia kwenye zege sasa zinatazama upya marundo ya zamani kwa sababu majivu mapya yamekuwa adimu. Mwenye majivu mazuri anayauza. Mwenye majivu anayekulipa uyachukue, au anayejitolea kukusafirishia bure hadi bondeni, anakulipa kwa sababu kuyahifadhi kunamgharimu zaidi. Huenda bado ni salama. Lakini kuanzia hapo wajibu wa kuthibitisha uko juu yake, na uthibitisho uandikwe kwa lugha ambayo mtaa unaisoma.

Basi Buterere ianze na kipande kifupi, mita mia mbili zinatosha, kwenye mtaa ulioinuka kidogo juu ya maji. Maabara ya Taifa ya Majengo na Kazi za Umma, LNBTP, ipime udongo na nguvu ya tabaka baada ya siku 7, 28 na 90, kwa sababu kazi ya majivu huchelewa na kipimo cha wiki moja huyaonea. Majivu yenyewe yaloweshwe maabara na maji yake yapimwe aseniki, boroni, kromiamu na risasi kabla hata mfuko mmoja haujafika mtaani. Visima vitatu vifupi vichimbwe, kimoja upande maji yanakotoka na viwili upande yanakoelekea, vipimwe kabla ya kazi kuanza na tena mwisho wa kila msimu wa mvua kwa miaka isiyopungua mitatu, na matokeo yabandikwe ofisi ya mtaa. Sehemu ya chini ya tabaka iwe angalau nusu mita juu ya kiwango cha maji cha masika. Na katika mkataba wa kipande hicho cha kwanza kiwekwe kifungu kinachosema kwamba majivu yasiyochanganywa hayatamwagwa ndani ya mtaa huu kwa jina lolote, si tuta, si kifusi, wala si kusawazisha kiwanja, na kwamba aliyeyaleta atayaondoa kwa gharama yake.